Trekta la Mjomba na silinda zake tatu

"Zunguka kwanza."

Hilo lilikuwa neno la Mjomba kila asubuhi, na hakuwa mtu wa kurudia. Ulitakiwa kulizunguka trekta lote, polepole, kabla hujaweka mguu pa kupandia. Chini ya injini kuna tone jipya la oili, au ni lile lile la jana? Tairi la mbele limekaa kama lilivyokaa jana, au limechuchumaa? Mkanda wa feni ukiubonyeza kwa dole gumba unabonyea kidogo tu, au umelegea kama kamba ya kuanikia nguo? Maji ya redieta yamefika wapi? Kijiti cha oili unakichomoa, unakifuta, unakirudisha, unakichomoa tena, ndipo unakisoma. Ukithubutu kukisoma kabla ya kukifuta, alikuwa anakichukua mkononi mwako, anakifuta kwa kitambaa chake, anakurudishia, wala hasemi kitu. Kimya kile kilikuwa kinauma kuliko kofi.

Nilikuwa na miaka 12. Nilitaka kuendesha, si kuzunguka.

Trekta lenyewe lilikuwa Massey Ferguson 135. Aliyewahi kuliona atalikumbuka: boneti na madigadi mekundu, injini na tumbo la kijivu, ringi za rangi ya fedha, na uso bapa kama umekatwa kwa msumeno. Aina hiyo ilianza kutoka mwishoni mwa 1964, na kiwanda cha Coventry, Uingereza, kiliendelea kuitengeneza hadi katikati ya miaka ya 1970. Injini ni Perkins ya dizeli, silinda tatu, lita 2.5, nguvu za farasi 45 hivi. Gari dogo la siku hizi la kupelekea watoto shule lina nguvu kuliko hizo. Lakini lifunge plau hilo gari uone litafika wapi.

Letu lilikuwa limepita mikononi mwa watu wawili kabla ya kumfikia Mjomba. Saa ya kuhesabia kazi kwenye dashibodi ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo hakuna aliyejua limekwishafanya kazi kiasi gani. Yeye haikumsumbua. Alisema umri wa trekta hausomwi kwenye saa, unasomwa kwenye pini za mikono ya nyuma, ile inayoinua plau: zishike, zitikise, uone zinacheza kiasi gani. Zetu zilikuwa zinacheza sana.

Na ile sauti. Injini ya silinda tatu haifanani na ya nne. Ya nne inatiririka. Ya tatu inapiga hatua, kama mtu mzito anayeshuka ngazi mbio, na ukiizoea unaitambua kwa mbali kabla hujaona kitu. Mpaka leo ikipita 135 barabarani huwa naacha ninachofanya. Watu wangu wa nyumbani wameshachoka kunicheka.

Siku ya kwanza niliyoachiwa kuliendesha peke yangu, kutoka bandani hadi ukingo wa shamba, mwendo wa dakika tatu, nilifika salama, nikaweka nyutro, nikavuta breki ya mkono, nikazima ufunguo, nikautia mfukoni na kushuka kwa madaha. Trekta likaendelea kunguruma. Nikaurudisha ufunguo, nikauzungusha huku, nikauzungusha kule. Linanguruma tu. Nikamtazama Mjomba, naye alikuwa amegeukia upande mwingine, mabega yanamtetemeka kwa kicheko.

"Mpwa wangu," alisema alipopata pumzi, "hili si la petroli. Halina cheche ya kuikata. Linachoma mafuta kwa joto la hewa iliyobanwa. Likatie mafuta, litalala lenyewe."

Akaniongoza mkono hadi kwenye kifundo kidogo kwenye dashibodi. Ukikivuta, pampu inaacha kupeleka dizeli. Nikakivuta. Likakohoa mara mbili, likanyamaza. Nilikuwa nimejifunza injini ya dizeli inavyofanya kazi kwa kuaibika mbele ya mtu mmoja, na sijasahau neno.

Klachi yake ilikuwa na hatua mbili, jambo lililonitesa kwa sababu mguu wangu ulikuwa mfupi. Ukikanyaga nusu, magurudumu yanasimama lakini shafti ya nyuma inayoendesha mashine inaendelea kuzunguka. Ukikanyaga hadi chini kabisa, na shafti nayo inasimama. Faida yake unaiona ukiwa na mashine ya kukata majani na umeingia kwenye kichaka kizito: unasimamisha trekta, visu vinaendelea, vinajisafishia njia, kisha unasonga. Shafti ile inapofikia mizunguko 540 kwa dakika haina urafiki na mtu. Mjomba alikuwa haruhusu mtu mwenye shati lililotoka nje ya suruali kuikaribia, hata kama kifuniko chake kipo, hata kama ni mgeni wa heshima.

Breki zilikuwa pedali mbili, zote upande wa kulia, kila moja na gurudumu lake la nyuma. Shambani unaziachanisha ili ukifika mwisho wa mfuo ukanyage moja trekta lizunguke pale pale. Barabarani unazifunga pamoja kwa kile kikomeo kidogo. Ukisahau, siku utakayokanyaga breki ghafla utakuwa unakanyaga upande mmoja. Hili sikuwahi kulisahau, na ni moja ya mambo machache ninayoweza kujisifia.

Kulima ndiko kulikonifanya nilipende.

Plau yetu ilikuwa ya majembe mawili. Ukishafungua mfuo wa kwanza, magurudumu ya kulia yanatembea ndani yake na ya kushoto juu ya ardhi ambayo haijalimwa, kwa hiyo siku nzima unakaa umeinamia upande. Jioni ukishuka unatembea kama mtu wa kwenye mashua. Picha za matangazo hazikuonyeshi hilo. Hazikuonyeshi pia shingo, maana nusu ya siku uso uko mbele na nusu uko nyuma.

Mfuo wangu wa kwanza ulikuwa kama nyoka aliyekanyagwa. Mjomba akachomeka kijiti upande wa pili wa shamba, akafunga kitambaa cheupe juu yake, akaniambia nisikiondolee macho. Nikakiondolea macho, bila shaka, nikitaka kuona plau inafanya nini. Mfuo wa pili ukawa nyoka mdogo wake. Wa tano ulikuwa umenyooka kiasi cha kutotia aibu. Lakini ile tabia ya kugeuka nyuma kutazama plau aliiona, na badala ya kunikaripia aliniteremsha.

"Njoo utembee hapa pembeni," alisema. "Mbali na gurudumu. Tazama ile springi."

Nyuma ya kiti, pale mkono wa juu wa plau unapofungwa kwenye trekta, mafundi wanauita toplinki, kuna springi fupi nene. Alipanda yeye, akashusha plau, akaanza kulima polepole, nami nikawa natembea sambamba naye macho kwenye springi. Mwanzoni sikuona kitu. Tukafika sehemu moja ya shamba ambayo udongo wake ulikuwa mgumu, na hapo nikaona: springi ikajibana kidogo, upana wa ukucha hivi, na papo hapo mikono ya nyuma ikaiinua plau kiasi cha kidole. Mngurumo wa injini uliokuwa umeanza kuzama ukapanda tena. Tulipotoka kwenye ule ugumu, springi ikajiachia, plau ikarudi chini ilikokuwa. Mjomba hakuwa amegusa kitu. Alikuwa ameinua mikono yote miwili juu ya kichwa ili niione, mtu mzima yule, anaendesha trekta kama anayekamatwa na polisi.

Nilirudi naye upande wa pili, na tena, na tena. Sikutaka kupanda. Lile dude la chuma lilikuwa linapapasa ardhi na kuamua.

Kwa lugha ya kawaida jambo lenyewe ni hivi. Plau ikiwa ardhini inataka kupinduka mbele, kwa hiyo inausukuma mkono wa juu kuelekea kwenye trekta. Udongo ukiwa mgumu zaidi, msukumo unazidi, springi inajibana, nayo inaifungulia pampu ya haidroliki njia ya kuinua kidogo. Wakati huo huo uzito wa plau na wa udongo ulio juu yake unahamia kwenye magurudumu ya nyuma, ndiyo maana trekta jepesi kama lile, lisilofika tani mbili, linaweza kulima bila kuteleza ovyo. Mkono wako wa kulia una vishikio viwili: kimoja kwa kazi inayotaka kina kisichobadilika, kingine kwa kazi inayotaka springi iamue. Ukivichanganya, utalima shimo hapa na mkwaruzo pale, na majirani watajua ulikuwa wewe.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za aliyeanzisha wazo hilo. Harry Ferguson alizaliwa mwaka 1884 katika sehemu ambayo leo ni Ireland ya Kaskazini, na kabla ya mambo ya matrekta alikuwa mtu wa injini na ndege: Desemba 1909 alirusha ndege aliyoiunda yeye. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alipewa kazi ya kufuatilia matumizi ya matrekta huko Ireland, na alichokiona hakikumpendeza. Plau zilikuwa zinakokotwa nyuma kama mkokoteni nyuma ya ng'ombe. Ikigonga jiwe, plau inasimama, trekta linaendelea kusukuma, na kwa sababu halina pa kwenda linainuka mbele na kumwangukia dereva. Ferguson akatoa jibu lake: trekta na plau viwe kitu kimoja, vimefungwa mahali patatu, viwili chini na kimoja juu, na kile cha juu ndicho kilinde pua ya trekta isiinuke.

Mwaka 1938 alikwenda Marekani kumwonyesha Henry Ford, wakakubaliana kwa kupeana mikono tu, bila karatasi. Jambo hilo liliwafikisha mahakamani baadaye, kama unavyoweza kukisia. Mwaka 1946 lile trekta lake dogo la kijivu, TE20, likaanza kutoka Coventry, na hadi 1956 yalikuwa yametengenezwa zaidi ya 500,000. Matatu kati ya hayo, yamefungwa minyororo magurudumuni kama vifaru, ndiyo aliyoyaendesha Edmund Hillary, yule aliyepanda Everest, na wenzake hadi Ncha ya Kusini, wakafika Januari 1958. Kampuni ya Ferguson ilikuwa imeshaungana na kampuni ya Massey-Harris tangu 1953, na 135 yetu ilikuwa mjukuu wa ukoo huo.

Nilimsimulia Mjomba habari ya Ncha ya Kusini nikidhani itamwacha mdomo wazi. Alifikiri kwa muda, akaniuliza swali moja.

"Maji ya redieta walifanyaje kule?"

Sasa nifike kwenye kisiki, maana nimekizunguka vya kutosha.

Kilikuwa katikati ya shamba, kipana kama meza, na kila msimu plau ilikuwa inakikwepa na kuacha jicho la magugu. Nilikuwa na miaka 16, na ujuaji umenijaa mpaka masikioni. Mjomba alikuwa ametoka kwa nusu siku. Nikaona nimfanyie jambo la kumfurahisha. Nikaivua plau, nikachukua mnyororo mzito kutoka bandani, nikauzungusha kwenye kisiki, nikarudi nyuma ya trekta kuufunga.

Mahali pa kufungia palikuwa kwenye ile baa ya chini, ya kuvutia mizigo. Nilijua. Lakini baa ilikuwa imejaa matope, pini yake imekwama kwa kutu, na kuifikia ulitakiwa kuinama hadi goti liguse ardhi. Juu kidogo, usawa wa kifua changu, palikuwa na pale pa kufungia mkono wa juu, pasafi, pana tundu lake na pini yake inayotoka kwa vidole viwili. Nikafunga mnyororo pale.

Nikapanda. Gia namba moja, ya chini kabisa. Nikaachia klachi taratibu, mnyororo ukanyanyuka kutoka kwenye majani, ukanyooka, ukalia kama waya unaokazwa. Kisiki hakikutikisika. Nikaongeza mafuta. Magurudumu ya nyuma yakajichimbia kidogo, yakapata pa kukanyaga, yakagoma kuteleza.

Kwanza nilidhani ardhi inashuka. Boneti ilikuwa inapanda mbele ya macho yangu, bila haraka yoyote, na ule mstari wa miti ya mwisho wa shamba ukazama nyuma yake, kisha nikawa natazama anga tupu na bomba la moshi. Sikuamua kitu. Ningependa kusema niliamua. Mguu wa kushoto ndio ulioamua, ukakanyaga klachi mpaka chini, na pua ikaanguka kwa kishindo kilichonigonganisha meno nikajing'ata ulimi. Niliweka nyutro. Nilivuta kile kifundo. Nikashuka nikakaa kwenye majani, mdomo umejaa damu, magoti hayana kazi.

Ningechelewa kufumba na kufumbua, trekta lingekuwa juu yangu. Siku hizo halikuwa na fremu ya kumkinga dereva.

Mjomba alipofika alinikuta hapo hapo. Hakuuliza. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya trekta, akautazama mnyororo ulipofungwa, akautazama muda mrefu sana. Nilikuwa nasubiri kupigwa, na nadhani ningepigwa ningepata nafuu. Badala yake akaniita, akanisimamisha nikimpa mgongo.

Akanishika mkanda wa suruali, kiunoni, akanivuta nyuma kwa nguvu. Nikarudi hatua mbili, nikasimama.

Kisha akanishika kola ya shati, akanivuta kwa nguvu zile zile. Nikaanguka chali.

"Umeona?"

Nilikuwa nimeona. Magurudumu ya nyuma yakikataa kuzunguka, injini haiachi kusukuma. Inazungusha kile kinachoweza kuzunguka, na kilichobaki ni trekta lenyewe kuizunguka ekseli yake. Ukivuta chini ya ekseli, mzigo unasaidia kulikandamiza. Ukivuta juu ya ekseli, umelishika kola. Na mahali nilipochagua ndipo hasa, kwa plau, mkono unapousukuma mwili wa trekta kwenda mbele ili pua ibaki ardhini. Mimi nilikuwa napavuta kwenda nyuma. Yule mzee wa Ireland alitumia miaka akitafuta namna ya kumwokoa dereva mahali pale pale, nami nikaifumua kazi yake yote kwa pini moja ya kuchomoa kwa vidole viwili.

Kisiki nilikitoa kwa koleo na shoka, mzizi mmoja mmoja. Siku nne. Mjomba alikuwa analeta maji ya kunywa, anaweka, anaondoka. Msimu uliofuata alifunga fremu ya kiwandani pamoja na mkanda wa kiti, na hakusema ni kwa sababu ya nani.

Kuna somo jingine ambalo halikuhatarisha maisha ya mtu lakini limenisaidia mara nyingi zaidi: kutoa upepo. Ukiacha dizeli ikaisha kabisa kwenye tangi, hewa inaingia kwenye mabomba, na hewa inabanwa pale ambapo dizeli ingesukuma, kwa hiyo nozeli, zile zinazonyunyizia dizeli kwenye silinda, hazipati kitu. Unaweza kupiga stata mpaka betri ife. Mimi niliiacha ikaisha katikati ya mfuo, mbali na banda, jua la saa saba.

Unaanza kwenye filta. Unalegeza skrubu ya juu, unapampu kwa kile kimkono kidogo cha pampu ya kuvuta mafuta ubavuni mwa injini, mapovu yanatoka, unaendelea mpaka itoke dizeli isiyo na povu, unakaza. Kisha skrubu za pampu kubwa, hivyo hivyo. Kisha unalegeza nati za mabomba ya nozeli, unapiga stata, na kila bomba likirusha mafuta unalikaza. Likishika moja linachechemea, la pili linatembea, la tatu limerudi nyumbani. Wakati mwingine kile kimkono kinakuwa chepesi, hakivuti kitu, na mtu asiyejua anakimbilia kusema pampu imekufa. Haijakufa. Injini imesimama mahali ambapo kijino kinachoisukuma pampu kiko juu kabisa, kwa hiyo hakuna nafasi iliyobaki ya kupampu. Izungushe injini kidogo, kimkono kitapata uzito. Nilipoteza saa nzima ya jua lile kabla Mjomba hajaja kwa miguu kuniambia hivyo kwa sentensi moja.

Na uwe na spana za inchi. Nati nyingi za trekta lile zimepimwa kwa inchi. Za milimita zinakaribia kutosha, na huko kukaribia ndiko kunakokula kona za nati mpaka iwe duara.

Kupitia nati hizo hizo za nozeli alinifundisha kumtafuta mgonjwa. Injini ikianza kuchechemea, unaiacha ingurume polepole, unafunika nati kwa kitambaa, maana dizeli ya pale inatoka na nguvu ya kupenya ngozi, unaweka mkono mbali na mchuruziko, unalegeza bomba la kwanza. Sauti ikibadilika, injini ikashuka, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Kaza. Legeza la pili. Ukilegeza bomba na sauti isibadilike hata kidogo, umempata: huyo alikuwa hafanyi kazi tangu mwanzo, umemwachisha kazi mtu aliyekuwa amelala. Alikuwa ananigeuza nilipe trekta mgongo, yeye analegeza, mimi nataja namba. Mwanzoni nilikuwa nabahatisha. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa sikosei.

Sisemi kwamba vya zamani vyote vilikuwa bora. Kiti kile kiliniharibia mgongo. Hakukuwa na paa, wala chochote cha kumkinga mtu na vumbi, na kelele ilikuwa inaingia kichwani asubuhi inatoka usiku. Mjomba hakuwahi kuvaa kinga ya masikio kwa miaka yote ile, na leo sikio la kulia halisikii kabisa na la kushoto linasikia linapotaka. Matrekta ya sasa yana kibanda kilichofungwa, na kijana akilima humo anasikiliza redio. Nayaheshimu. Ila likisimama shambani linaandika namba kwenye skrini, na kijana anamsubiri mtu mwenye kompyuta.

Letu bado linatembea. Vipuri havijawa tatizo, kwa sababu aina ile ya injini iliendelea kutumika kwenye matrekta mengine hata baada ya 135 kuachwa. MF 240 inayoundwa Pakistan inatumia silinda tatu za ukoo huo huo. Pini za mikono ya nyuma tumebadilisha. Saa ya dashibodi haijatengenezwa na haitatengenezwa.

Majuzi lilianza kuchechemea. Mjomba alikuwa ameketi karibu na banda, akaniona nalizunguka, akainuka na fimbo yake akaja. Nikapiga stata. Alisimama pale, uso hauna habari, na nikakumbuka kwamba hasikii. Halafu akaiegemeza fimbo kwenye gurudumu la nyuma, akaweka kiganja kwenye digadi, vidole vimetandazwa, akafumba macho.

Nikafunika nati ya kwanza kwa kitambaa, nikalegeza. Injini ikashuka. Nikakaza. Nikalegeza ya pili.

Sauti ile ile. Nikainua kichwa nimpigie kelele sikio la kushoto, nikamkuta ameshainua vidole viwili.